Mhasibu Aliyegusa Kila Godoro

Kiti cha plastiki hakikuwa kiti mpaka Mhasibu akiguse. Ukifika kwake Silanga, huko Kibera, alikuvutia kimoja, na kabla hujakaa alikigonga mgongoni kwa ncha ya kidole, taratibu, kama anayebisha mlango wa nyumba yenye mtoto aliyelala. Kisha akagusa chake. Mkiwa wengi alizunguka akigusa vyote, hata vilivyokwisha kukaliwa, na hapo kidole kilitua begani mwa mtu, au kichwani. Mchungaji mmoja aliguswa utosini katikati ya kikao akakasirika.

“Mzee, mimi si mali ya dukani,” alisema.

Mhasibu alimwomba radhi kwa heshima zote, kisha akamgusa tena, kwa sababu maneno yale yalikuwa yamemvuruga na ilibidi aanze upya.

Tulimwita Mhasibu kwa kuwa ndivyo alivyokuwa, hata baada ya watu kuacha kumlipa kwa kuwa hivyo. Mimi ni fundi wa rangi, mtu wa kuhama. Nimekaa Laini Saba, nimekaa Makina, nimekaa Kawangware karibu kila upande, na hadi leo nikipita mlango niliowahi kupanga husimama kidogo nione ni nani anayeanika nguo kwenye kamba yangu. Katika kuhama huko kote, yeye ndiye mtu niliyekuwa namrudia. Nilimjua akiwa na nyumba nzuri Ayany, na mkewe Mama Neema, na binti yao, nilipoitwa kuwapakia sebule rangi ya maziwa. Alinifuata chumba hadi chumba akigusa makopo yangu. Nilidhani ananishuku. Siku ya kumaliza kazi akanisimamisha mlangoni.

“Fundi, kopo lako moja limebaki nyuma ya pazia. Halijafunguliwa.”

Wenye nyumba wengine ninaowajua wangevuta pazia vizuri zaidi.

Lakini usije ukadhani nakuhadithia habari za mtakatifu. Nimefanya kazi katika nyumba za waongo wengi, na sijaona aliyedanganya kwa raha kama Mhasibu. Kila mama mwenye mtoto mchanga aliambiwa kwamba mtoto ana kichwa cha jaji. Msimamizi wa ploti alipokuja kudai kodi aliambiwa kuna ugonjwa wa moyo, na mwezi uliofuata akaambiwa ni figo. Alipouliza moyo ulipona lini, Mhasibu alimjibu kwamba haukupona, umeteremka. Umri wake ulipanda na kushuka kulingana na anayeuliza. Mchungaji yule yule alimkuta siku ya mfungo akitafuna muhindi wa kuchoma, naye akaeleza, mdomo umejaa, kwamba anamshikia mtu.

Kwenye drafti alikuwa mwizi wa wazi. Tulichezea vifuniko vya soda juu ya kipande cha mbao. Ukigeuza macho kumtazama anayepita, ukiyarudisha unakuta kifuniko chako kimoja kimestaafu.

“Umeiba, mzee.”

“Nimeiba. Cheza.”

Hakuwa na ugumu wowote wa kukubali kosa. Alikubali hata yasiyokuwa yake. Jirani mmoja aliwahi kupotelewa na kuku, akasimama uani akitukana ploti nzima tangu asubuhi. Mhasibu, aliyetaka kusikiliza redio kwa utulivu, alitoka akasema, “Mama, nilimla mimi. Nisamehe.” Ploti ikanyamaza. Jioni kuku alirudi kwa miguu yake mwenyewe, akapita katikati yetu kama mtu anayetoka kazini. Yule mama alimtazama kuku, akamtazama Mhasibu, na tangu siku hiyo hakuwahi kumsalimia bila kurudi nyuma hatua moja.

Sasa mtu wa namna hii, mwongo wa starehe, mwizi wa drafti, mla kuku ambaye hajaliwa, ndiye aliyekataa kutamka maneno mawili, na kwa ajili ya maneno hayo akakosa kazi, nyumba, na mke kukaa naye. Maneno yenyewe ni: nilikosea kuhesabu.

Kampuni aliyofanyia kazi ilitengeneza magodoro. Ilikuwa na maghala matatu, moja Eneo la Viwanda, jingine Baba Dogo, na la mwisho kule Mlolongo. Benki iliikopesha kampuni kwa kutazama magodoro yaliyolala humo. Yakiwa mengi, mkopo nao unanenepa. Kila mwisho wa mwaka Mhasibu alitumwa kuyahesabu, asubuhi ghala la kwanza, mchana la pili, jioni la tatu. Yeye aliyagusa yote, moja moja, akatia sahihi, na benki ikaamini sahihi yake.

Alichokumbuka zaidi katika safari hizo ni chai. Kila ghala alilofika alikaribishwa chai kwanza, chai ndefu, yenye mandazi na maswali kuhusu familia. Chai ikiisha ndipo mlango wa ghala ulifunguliwa. Kwa miaka mingi alidhani ni ukarimu.

Aliyeharibu mambo alikuwa mpakiaji wa mizigo aliyeitwa Mutua, mtu mkubwa wa Kitui mwenye usingizi wa karibu. Siku ya kuhesabu, asubuhi, Mhasibu alimsalimia Eneo la Viwanda, akamaliza kazi, akaondoka. Mutua akaona magodoro yamepangwa vizuri na bosi ameenda, akajilaza juu. Alipofika Baba Dogo, Mhasibu alikunywa chai yake, akaulizwa habari za Neema, mlango ukafunguliwa. Juu kabisa ya rundo alikuwa ameketi Mutua, anafikicha macho.

“Mutua, si nimekuacha Eneo la Viwanda?”

“Hata mimi najua hivyo, bosi.” Mutua akatazama ukuta, akatazama paa. “Kwani hapa ni wapi?”

Msimamizi wa ghala akaingilia haraka. “Huyo ni ndugu yake. Wanafanana sana.”

Mhasibu aliyagusa magodoro, lakini anasema kidole kilikuwa kizito. Jioni akafika Mlolongo. Chai, mandazi, habari za Neema. Mlango ukafunguliwa. Mutua alikuwa juu ya rundo, safari hii yuko macho, ameshika viatu vyake mkononi, amekasirika.

“Bosi, mimi sijakula tangu asubuhi!”

Msimamizi wa Mlolongo hakuwa ameambiwa habari za ndugu. “Huyo ni mteja,” alisema. “Anajaribu godoro.”

Nilimuuliza Mhasibu mara nyingi kama angenyamaza, lau ingeishia pale. Alisema labda. Alikuwa na mke, na mtoto wa shule, na mtu anaweza kujiambia kwamba amechoka, kwamba watu wa Kitui wanafanana. Lakini Mutua hakukubali kunyamaza. Aliomba alipwe posho ya chakula ya vituo vitatu, kwa kuwa alikuwa kazini katika vituo vitatu, na ombi likapelekwa kwa Mhasibu aliidhinishe. Akilikubali, amekubali kwamba Mutua alisafirishwa pamoja na magodoro. Akilikataa, amemnyima mtu chakula chake. Akampelekea mkurugenzi.

“Mlipe,” mkurugenzi alisema. “Na umpandishe cheo. Kijana anajituma.”

“Na magodoro, bosi? Ni yale yale.”

“Ni familia moja,” mkurugenzi alisema. “Hayapendi kutenganishwa.”

Mhasibu hakuiba karatasi yoyote. Hakumwita mwandishi wa habari, wala hakujificha nyuma ya simu. Wakaguzi wa benki walipokuja kwa ziara yao ya kawaida na kumuuliza kama ana la kuongeza, aliwaambia jambo moja tu: safari hii msiende ghala moja baada ya jingine, nendeni yote kwa wakati mmoja. Wakagawanyika, wakaenda. Mlolongo walikuta magodoro hadi kwenye paa. Baba Dogo na Eneo la Viwanda walikuta chai.

Huo ndio uchongezi wake wote. Mwaka huo huo, kabla ya hayo kutokea, wafanyakazi walikuwa wamemchagua kupewa Tuzo ya Uadilifu, kipande cha kioo chenye umbo la tone. Mkurugenzi aliona hakuna sababu ya kuahirisha. “Jina limeshachongwa,” alisema, “hatuwezi kutupa kioo.” Basi wafanyakazi wakakusanywa, Mhasibu akapewa tuzo, wakapiga makofi. Hapo hapo akasomewa barua ya kufukuzwa, na kwa kuwa hakuna aliyewaambia waache, wakapiga makofi tena. Halafu, kwa utaratibu wa kampuni, kila anayeondoka hupewa godoro. Lake lilikuwa la inchi nane.

Nilikuwa napaka geti la duka Kibera Drive siku hiyo, na nilimwona akirudi. Alikuwa nyuma ya pikapu, juu ya godoro jipya lililofungwa kwa nailoni, amevaa suti nyeusi, kile kioo kiko mapajani, anatazama mbele bila kumsalimia mtu. Akina mama wa kanisa letu wanaouza mboga na makaa Silanga walikuwa wanapanda kuelekea Ayany. Walisimama. Na hapa lazima nieleze jinsi watu wa kwetu wanavyofikiri. Mtu wa Nairobi hanunui godoro mchana wa siku ya kazi ila kama wageni wa kulala wanakuja. Wageni wa kulala hawaji kwa wingi kutoka ushago, kule kijijini, ila kwa jambo moja. Ongeza suti nyeusi, na uso ule. Pikapu ilipofika Ayany, akina mama walikuwa wameshaifikia kwa njia ya mkato, na mmoja alikuwa anaimba.

Mama Neema alifungua mlango akakuta sufuria kubwa, mawe ya jiko, na wanaume wanatafuta mahali pa kufunga turubai.

“Pole sana, Mama Neema.”

“Pole ya nini?”

Wakamtazama kwa huruma zaidi, wakaona bado hajaambiwa. Mhasibu alishuka, akaingia ndani, akakaa. Alipopata sauti ya kueleza kwamba hakuna aliyekufa, kwamba amefukuzwa kazi tu, kamati ya matanga ilikuwa imekwisha kuundwa. Mwenyekiti, mzee mmoja fundi wa viatu, alichungulia sufuria.

“Tumeshaweka maji jikoni,” alisema mwishowe. “Hatuwezi kuwaambia watu warudi.”

Kwa hiyo tulikesha na kuomboleza kazi ya Mhasibu. Sijui kama imewahi kufanyika kwingine. Watu walisimama mmoja mmoja kuisifu marehemu: kwamba ilikuwa inaamka mapema, ilimsomesha Neema, haikuwahi kumnyima mtu nauli. Mutua alikuja akiwa na shati jipya la msimamizi, akalia kwa kweli kabisa, akasema yeye ndiye aliyeiua. Mchungaji alipata shida kidogo kwenye sala, hakujua aiombee pumziko au ufufuo, akaomba vyote. Mhasibu alikaa mbele akipokea rambirambi. Siku ya kuvunja matanga aliomba kuona sukari iliyobaki. Aliigusa pakiti moja moja, akainuka, akasema mbele ya watu wote kwamba sukari iliyochangwa na sukari iliyopo hazijuani. Mweka hazina wa kamati hakurudi tena kanisani kwetu. Mama Neema alifunika uso kwa kanga.

“Hata matanga yako mwenyewe unayachongea?” alisema.

Nadhani ni siku hiyo, wala si siku ya godoro, ndipo alipochoka.

Ayany hawakudumu. Yeye akashuka Silanga, chumba kimoja karibu na mashamba ya sukuma wiki. Mama Neema akachukua binti akaenda kwa dada yake Kawangware 46. Hawakuachana. Aliniambia ameenda kumsubiri, kama mtu anavyosubiri mvua ikatike. Kwa sababu kampuni ilikuwa imetuma ujumbe mapema. Benki na kampuni zilikuwa zinavutana, na uzito wote ulikuwa juu ya neno la Mhasibu. Akisema alikosea kuhesabu, kwamba siku ile alichanganyikiwa na maghala yote yalikuwa sawa, kampuni ingemrudisha kazini kwa cheo kikubwa zaidi, na nyumba, na karo ya Neema. Asiposema, hapati hata haki zake za kuondoka.

Mwanamume wa kukodisha viti na tenti pale Ayany alimpa kazi ya kuhesabu viti vinavyorudi. Mimi ndiye niliyekuwa napaka alama chini ya viti hivyo, kwa hiyo tulionana sana. Hakukaa sawa hata huko. Siku moja alisimamisha harusi. Bwana harusi alikuwa ameketi kwenye kiti ambacho Mhasibu alikichungulia chini, akaona alama, akasema kwa sauti ya upole kwamba kiti hicho kinatakiwa wakati huo huo kwenye matanga Laini Saba. Wakabishana. Wazee wa bibi harusi walisikia neno matanga wakaanza kuulizana. Bwana harusi alikula kiapo akiwa amesimama.

Katika miezi hiyo niligeuka kuwa mjumbe wao. Nilikuwa nimehamia Kawangware, nikifanya kazi pande zote mbili, na natembea kwa miguu kwa sababu napenda: kutoka Silanga kupanda hadi Ngong Road, Dagoretti Corner, kisha Naivasha Road mpaka 46. Simu walikuwa nazo. Lakini Mama Neema hakutaka simu.

“Kwa simu ataniambia amekula samaki,” alisema. “Wewe usiniambie alichosema, Fundi. Niambie ulichoona.”

“Nimeona parachichi na chumvi, Mama Neema.”

“Na usingizi?”

“Amekonda, lakini godoro ni zuri.”

Aligeuza chapati bila kunitazama. “Mwambie aseme. Ni maneno mawili. Kwa kuku wa watu alisema, hapa anashindwa nini?”

Nilipeleka. Mhasibu alinisikiliza akipanga vifuniko vya soda.

“Kuku hakuwa na watu nyuma yake,” alisema.

“Na drafti? Unaniibia kila siku.”

“Drafti unaniona. Umekaa hapo, macho unayo, ukitaka unanishika mkono. Hawa wenye pesa zao benki hawakuwa wamekaa ghalani. Yule mama wa makaa hapo nje ameweka pesa zake huko. Walinikalisha mimi nikae kwa niaba yao.” Akasogeza kifuniko, chake safari hii. “Halafu niliyagusa, Fundi. Nikianza kusema nilichokigusa sikukigusa, nitajuaje kesho kwamba nina mke mmoja?”

Nilimpelekea Mama Neema jibu hilo kama lilivyo. Alicheka kidogo, akakasirika kwa kuwa amecheka, akanipa chapati nimpelekee.

Mara ya mwisho niliyowaona pamoja ni siku kampuni ilipokuja Kawangware yenyewe. Walimtuma msimamizi wa wafanyakazi, mwanamke mwenye adabu, viatu vya kisigino na faili. Kesi na benki ilikuwa imekaribia, walitaka imalizwe. Mama Neema alikuwa ameshakubaliana nao kwamba mkutano uwe nyumbani kwa dada yake, na nilipomsindikiza Mhasibu kutoka Silanga nilikuta mabegi yamefungwa, yamepangwa mlangoni. Mama Neema alikuwa na hakika kwamba usiku ule watalala kwingine. Neema alikuwa shule. Tulikaa kwenye viti vya dada, Mhasibu akavigusa, msimamizi akaguswa bega, akasogea kidogo.

“Baba Neema,” Mama Neema alisema, “leo tafadhali.”

“Leo niko tayari,” alisema Mhasibu. “Madam, andika. Nilikuwa mlevi.”

Yule mwanamke alifikiri. “Hapana, mzee. Itaonekana kampuni iliajiri mlevi.”

“Andika basi nilikuwa na wazimu.”

“Hiyo inahitaji daktari.”

“Niliiba.”

“Uliiba nini?”

“Chochote mlichopoteza.”

“Hatujapoteza kitu, mzee, hiyo ndiyo maana ya mkutano huu.” Alipangusa paji la uso. “Tunataka tu useme ulikosea kuhesabu.”

Mhasibu alitazama mabegi. Nilimwona akiyagusa kwa macho, moja moja.

“Andika nilirogwa,” alisema.

Msimamizi alitoka uani akapiga simu. Tulimsikia akieleza, akinyamaza, akieleza tena. Akarudi.

“Mkurugenzi anasema hiyo inaweza kufaa. Anauliza ulirogwa na nani.”

“Andika mimi,” alisema Mama Neema upesi.

“Mama!” Mhasibu alimkataza.

“Andika! Mkewe alimroga. Nani atakataa? Mimi sijali jina, nataka nyumba.”

Kalamu ikaanza kukimbia. Msimamizi aliandika akisoma kwa sauti: kwamba yeye, akiwa amerogwa na mkewe, siku hiyo alihesabu magodoro...

“Sawasawa,” alisema Mhasibu.

“Vibaya,” alisema msimamizi.

“Hapana, Madam. Uchawi wake ulikuwa wa kunifanya nihesabu sawasawa. Ndiyo siku pekee niliyopatia.” Sauti yake ilibadilika hapo, ule mchezo wote ulikuwa umeitoka. “Mnataka niseme nilikosea. Nasema. Nilikosea kuhesabu. Miaka yote kabla ya siku ya Mutua nilikosea. Nilikunywa chai, nikagusa magodoro yale yale asubuhi, mchana na jioni, nikaweka sahihi kila mahali. Kama Mutua asingelala, ningekuwa nakosea mpaka leo. Hilo nitalisema mahakamani, na kama ni kufungwa, mimi ndiye niliyetia sahihi. Andika hilo.”

Kalamu ilikuwa imesimama. Yule mwanamke alimtazama muda mrefu, si kwa hasira, nadhani alikuwa anafikiria mwaka hadi mwaka kule nyuma, mkopo hadi mkopo. Alifunga faili.

“Hiyo siwezi kuandika, mzee.”

“Najua. Pole kwa safari.”

“Hamtapata kitu. Mnaelewa? Na wewe mwenyewe umejitia ndani.”

“Ameelewa,” alisema Mama Neema.

Msimamizi aliondoka akikanyaga ukingo wa mtaro kwa ncha za viatu. Hatukumsindikiza. Mhasibu alibaki ametazama chini, mikono katikati ya magoti. Nilitaka kuondoka, lakini mabegi yalikuwa yameziba mlango.

Mama Neema aliinuka. Nilidhani atapiga kelele, na alikuwa na haki. Alivuta begi la juu, akalifungua, akaanza kutoa nguo, za Neema, zake, akizitundika tena kwenye kamba iliyopita juu ya kitanda. Alizitundika kwa kuzibana, nguo juu ya nguo, mpaka nusu ya kamba ikabaki tupu.

“Ya miaka hiyo ulijua lini?” aliuliza bila kugeuka.

“Tangu siku ya Mutua.”

“Na ndiyo iliyokuwa inakukondesha, si parachichi.”

“Ndiyo.”

“Na hukuniambia.”

“Ningekuambia kwa simu usingeniamini.”

Alitikisa gauni, akalipiga vumbi kwa nguvu kuliko lilivyohitaji. “Huo upande wa dirisha ni wako. Shati ulilovaa livue nilifue, linanuka Silanga. Na viti vya dada yangu uviache.”

“Nimeshavigusa.”

“Basi vimetosha.”

Nilisogeza mabegi, nikawaaga. Hakuna aliyenisikia. Nje jua lilikuwa bado juu, na wauza nguo wa 46 wanaita wateja, nami nikashika njia yangu kwa hatua za haraka kama kawaida, nikipanga kichwani jinsi nitakavyoeleza yote, kamba, na gauni, na sauti aliyoitumia Mama Neema kusema dirisha. Nilikuwa nimefika Dagoretti Corner nilipotambua kwamba huko Kibera ninakokimbilia hakuna mtu anayesubiri habari hizo.